Mwenye Hendeli

Igalula,
10 Julai 2023

Deus,

Namba yako nimeifunga kwenye simu yangu, usihangaike kupiga. Ukiwa na la kusema liandike, umpe Ezekia, yule mhudumu wa treni, naye atanishushia hapa stesheni kama ninavyompa hii. Nataka maneno yako yawe kwenye karatasi, maana ya mdomoni huwa unayakana kabla hayajapoa.

Nimerudi jana kutoka Ziba, tulikokwenda kumzika shangazi. Wewe hukuja. Ulituma ujumbe kwamba boti imekushika. Kumbe wakati sisi tunatupa udongo kaburini, wewe uko hapa nyumbani kwangu na wanaume wanne na mkokoteni wa ng'ombe, mnang'oa injini ya baba. Nimekuta banda wazi. Bolti nne mmezikata kwa msumeno, na zile zinafunguka kwa mkono wa mtoto ukijua uanzie ipi. Pipa la maji ya kupozea mmelilaza chini, na kuku wangu mmoja ameshataga ndani yake.

Majirani walikuuliza, ukawajibu, "Dada anajua." Dada hajui, Deus. Dada alikuwa anamlilia shangazi yako.

Najua utasema umeme umefika na kinu sasa kinaendeshwa na mota. Ni kweli. Lakini umeme unakatika, na ukikatika akina mama hawarudi kijijini na debe la mahindi kichwani. Huwa wanasubiri nivalishe mkanda na kuwasha ya baba. Jana hiyo hiyo ulikatika. Wanawake saba walisimama mlangoni wakiangalia mahali pake, mmoja akaniuliza kama nimeuza. Nilitamani ardhi inimeze.

Siku ya kuanua matanga ya baba, miaka sita iliyopita, ukoo ulikaa ukagawa vitu vyake. Wewe ulipewa jina lake, koti lake na baiskeli. Mimi niliwekewa hendeli mkononi mbele ya watu wote, chuma kile cha kuzungushia injini mpaka iwake. Kwetu aliyekabidhiwa mpini amekabidhiwa jembe. Hakuna aliyeguna siku ile, hata wewe.

Hendeli bado ninayo, iko chini ya kitanda changu. Umeiba ng'ombe ukaacha kamba. Rudisha injini.

Josepha Lugembe


Ujiji,
19 Julai 2023

Dada Josepha,

Shikamoo.

Mtoto wa kiume haibi cha baba yake, anachukua. Neno lile usilirudie, hata kwenye karatasi.

Nilikuomba mara tatu. Krismasi uliniambia tutaongea Pasaka. Pasaka ukaniambia unaumwa kichwa. Mwezi wa tano injini ya boti yangu ikapasuka tumbo katikati ya ziwa, na abiria thelathini na mmoja ndani. Tulipiga makasia kutwa nzima, na mama mmoja alijifungulia juu ya magunia ya dagaa kabla hatujaona nchi kavu. Huko kusini tunakopeleka watu hakuna barabara, wanaitegemea boti hii na Mungu. Mashine mpya zinakunywa petroli kama walevi, zikiharibika unaambiwa usubiri kifaa kutoka ng'ambo. Ya baba ina silinda moja na magurudumu mawili ya chuma, inalamba dizeli kidogo, na fundi yeyote mwenye nyundo na akili anaitengeneza. Ilitoka shamba la tumbaku Urambo kabla mimi na wewe hatujazaliwa, na haijachoka. Ikae bandani ikisubiri umeme ukatike?

Kuhusu hendeli, tusidanganyane. Wazee walikupa ukumbusho ili usione umetoka mikono mitupu. Hakuna ukoo wa Kinyamwezi uliompa binti mashine.

Sasa nisikilize. Mpe Ezekia hiyo hendeli aniletee. Na uniambie injini inazunguka upande gani, kulia au kushoto. Haina gia, nitaiunga moja kwa moja na shafti. Mzee anayeyeyusha shaba na kunisubia rafadha, lile panga la nyuma linalosukuma boti, anasema lazima mabapa yake yafuate mzunguko wa injini, na bila hendeli siwezi kuiwasha nikaona. Ni swali dogo, linahitaji neno moja tu.

Mdogo wako,
Deus


Igalula,
2 Agosti 2023

Deus,

Shikamoo yako nimeisoma. Marahaba sina.

Umeandika kurasa mbili kunieleza jinsi unavyowahurumia wanawake wa kusini, na wa Igalula umewapa mstari mmoja wa kejeli. Huruma yako inaanzia mbali sana na nyumbani.

Eti nisitoke mikono mitupu. Miaka thelathini na tisa nimesaga katika banda lile. Nimekohoa unga, nimelala na harufu ya dizeli, na mwanamume aliyetaka kunioa alisema ama yeye ama kinu. Unajua nilichojibu. Wewe ulikuja likizo, ukakaa juu ya magunia na kitabu chako cha Kilatini mpaka nyusi zinakuwa nyeupe, kisha ukarudi seminari kula maharage ya mapadri. Upadri wenyewe ukaukimbia.

Hendeli haitoki.

Kuhusu mzunguko, si wewe ndiye mwanamume mwenye mashine? Ulishinda unakitazama kinu kile likizo zote. Kilizungukia wapi? Kumbuka mwenyewe.

Josepha


Ujiji,
14 Agosti 2023

Dada,

Leo shikamoo sikupi, kwa kuwa hujui kuipokea.

Kulia. Kinu kilizungukia kulia, nakumbuka kama jana, gurudumu lake la pembeni lilikuwa na spoku moja iliyovunjika na nilikuwa naihesabu inavyopita. Asante kwa msaada ambao hukutaka kunipa. Rafadha imeshasubiwa, ya shaba, ya kulia, inang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu.

Na hendeli nimechongesha nyingine. Kijana wa kuchomelea pale Mwanga, Kigoma mjini, amefanya kazi ya asubuhi moja. Hiyo yako endelea kulala nayo.

Kwa kuwa unapenda kujua mali ya baba inavyotendewa, nakueleza. Tumeweka kitanda cha mbao za mninga, mbili ndefu zinazoshika mbavu tano za boti. Injini tuliining'iniza kwa mnyororo kwenye miti mitatu, tukaishusha sentimita kwa sentimita, watu sita tumeshika pumzi. Siku nne nzima tulikuwa tunanyoosha shafti. Unavuta uzi kutoka kwenye injini hadi tundu la nyuma, unachungulia, unakata kipande cha kopo la soda, unakipenyeza chini ya mguu wa injini, unachungulia tena. Badala ya pipa la maji nimeweka bomba linalovuta maji ya ziwa. Jana tulizungusha hendeli, mimi na Samweli baharia wangu, ikapiga chafya mara mbili ikashika. Tuliizima haraka kwa sababu boti bado iko juu ya magogo na maji ya kupozea hayapo. Mzunguko sikuutazama, nilishaujua. Nilisikia sauti ile ile, dada. Nilikaa chini nikalia, na sioni haya kukwambia.

Tunaishusha majini Jumamosi tarehe 23 Septemba. Padri atabariki, kwaya itaimba. Boti inaitwa Adriano Lugembe, jina nililoachiwa mimi. Njoo ukitaka, ukae na wageni.

Deus


Igalula,
1 Septemba 2023

Deus,

Siji. Nani atasaga?

Huo mstari niliouchora-chora hapa juu usiupeleke juani kujaribu kuusoma. Nilianza neno nikaona hulistahili.

Sitakutakia heri, nitakwambia hili tu. Siku hiyo usimkalishe mtu nyuma ya boti. Bernadeta hasa. Mke wako hana ubaya na mimi na hajui kuogelea. Asikae nyuma.

Josepha


Ujiji,
12 Septemba 2023

Josepha,

Barua yako nimemsomea Bernadeta kwa sauti, na mbele ya Samweli, ili kuwe na mashahidi.

Sasa umefika huko? Mwanamke anayepokea komunyo kila Jumapili anakaa Igalula ananuiza juu ya boti ya ndugu yake, anataja siku, anataja mtu, anataja mpaka mahali pa kukaa? Na hicho kilichochorwa-chorwa ni nini, jina la dawa? Mama alikuwa akisema chuki ikikosa pa kwenda huenda kwa mganga. Sikujua ipo siku nitamkumbuka kwa ajili yako.

Bernadeta aliogopa. Nimemwambia tukikuogopa mara moja tutakuogopa milele. Kwa hiyo naapa: Jumamosi ile Bernadeta atakaa nyuma, nyuma kabisa, kwenye kiti chenye mto, na kitenge kipya, na watu wote wa Ujiji watamwona. Tuone hirizi zako zina nguvu gani.

Usiniandikie tena.

Deus


Igalula,
27 Septemba 2023

Deus,

Umesema nisikuandikie. Naandika.

Ezekia amenieleza yote jana, amesimama mlangoni mwa behewa na treni inapiga honi. Kwamba padri alinyunyiza maji, kwaya ikaanza, ukazungusha hendeli, na boti ya Adriano Lugembe ikaenda kinyumenyume. Kwamba hukuelewa, ukaongeza mafuta. Kwamba ilipanda juu ya mitumbwi iliyofungwa ufukoni, na Bernadeta akarushwa na kiti chake na mto wake. Kwamba alikaa chini ya maji muda wa watu kusema Salamu Maria nzima kabla Samweli hajamshika kitenge. Ezekia hajui kama atapona. Mimi pia sijui, na sijalala.

Sikukuroga. Afadhali ningekuroga, ningekuwa na mtu wa kugawana naye lawama.

Nilijua. Kinu kilizungukia kulia, injini inazungukia kushoto. Kati yao mkanda ulikuwa umepishwa, umekaa kama namba nane, ndio unaogeuza mzunguko. Uliponiuliza ningeweza kujibu "kushoto" nikafunga bahasha. Nikakuuliza kuhusu kinu. Sikusema uongo, nilikuacha ujidanganye, na nilicheka peke yangu bandani siku nzima. Nilitaka uaibike mbele ya kwaya. Nilifikiri boti itarudi nyuma kidogo, watu wacheke, basi.

Kisha nikamfikiria Bernadeta, nikaandika, nikafuta, nikakupa nusu ya neno. Ukaigeuza kuwa uchawi. Barua yako ya kiapo ilinifikia tarehe 19. Nilikuwa na siku nne. Kuifungua namba yako ni kubonyeza mara moja tu, na simu ilikuwa mfukoni mwa gauni. Sikubonyeza. Nilisema, ameniita mchawi, acha aone.

Ngoja nimalize, maana utajiuliza kwa nini hukuwahi kuuona mkanda ule.

Mwaka 1984 baba alileta kinu kile kipya, na kilitaka kwenda kulia. Hapo ndipo mkanda ulipoanza kupishwa. Mkanda uliopishwa ni mgumu kuvalisha, unavuta. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Wiki ya tatu mkanda ulinishika mkono wa kulia ukanizungusha nao hadi kwenye kapi, gurudumu linaloubeba. Vidole viwili. Baba alizima injini kwa kuirushia gunia kwenye mdomo wa hewa, akaviokota akavifunga kwenye leso yake.

Wewe ulikuwa kidato cha pili. Baba aliniambia hospitalini, "Deus akijua ni mashine, ataacha shule aje asage yeye. Tutasema shoka." Nikasema sawa, tutasema shoka. Kabla hujaja likizo alijenga lile sanduku la mbao kufunika mkanda wote na magurudumu ya injini, ili usiuone ukauliza. Ulikaa juu ya magunia miaka minne ukitazama kinu, na sanduku liko mbele yako.

Kwa hiyo hendeli sikupewa ili nisitoke mikono mitupu. Wazee walijua. Kila aliyekuwepo siku ile alijua isipokuwa wewe.

Niambie habari za Bernadeta. Namba yako nimeifungua tangu jana. Umekataa kupokea, na una haki.

Josepha


Ujiji,
15 Oktoba 2023

Dada Josepha,

Shikamoo.

Bernadeta yuko hai. Bega lilitoka, likarudishwa, na kifua bado kinamkoroma usiku. Anasema nikwambie hivyo. Mimi nisingekwambia.

Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Nilipandwa na hasira za kila aina, nitakutajia mbili tu. Ya kwanza ni zile siku nne. Hizo sikusamehe, na usiniombe. Ulikuwa na simu mfukoni na mke wangu hajui kuogelea.

Ya pili sijui nimpe nani, wenyewe wamekufa. Mwaka ule 1984 uliniandikia seminari barua ya kuniambia umejikata na shoka. Mwandiko wako ulikuwa umepinda, herufi zimelala kila upande. Nikakujibu kwamba unaandika kama kuku anayeparua, na kwamba wasichana wa Igalula wanahitaji shule. Niliwasomea wenzangu bwenini, tukacheka. Ulikuwa unajifunza kuandika upya kwa vidole vitatu na mimi nacheka. Hamkunijibu neno, wala wewe wala baba. Mliniacha nikae mjinga miaka karibu arobaini, nikaona naheshimika kumbe nafichwa. Ningeacha shule, ndiyo. Na huenda hiyo ndiyo ingekuwa busara yangu pekee maishani.

Watu wa kusini wamerudi kwenye makasia. Mzee wa kusubu anasema nimpe rafadha aiyeyushe, anisubie ya kushoto, siku kumi boti itembee. Nimekataa.

Nimeifungua injini mwenyewe, peke yangu na Samweli. Bolti safari hii sikuzikata. Nimeipaka grisi, nimeifunga kwenye mbao, iko kwenye treni ya mizigo na itashushwa Igalula. Kwenye fomu kuna mahali wanauliza mwenye mali ni nani. Karani aliniuliza kama ni mimi. Nikamwandikisha Josepha Lugembe.

Hii si zawadi na wala si msamaha. Nakurudishia chako.

Deus


Igalula,
2 Novemba 2023

Deus,

Imefika Ijumaa. Mmeifunga vibaya, mbao ya mbele ilikuwa imelegea, lakini imefika.

Sikuipeleka bandani. Nilimwomba mkuu wa stesheni aniachie pale pale uwanjani, juu ya mataruma ya zamani ya reli, nikaenda nyumbani kuleta dizeli, ndoo ya maji na hendeli. Watu walijaa wakidhani ni mnada. Niliizungusha mara nne. Ya tano ikashika, ikaruka juu ya mataruma kama mbuzi, moshi mweusi, kisha ikatulia ikaanza kuhesabu. Marcelina wa pale njia panda alitokea na debe la mahindi kichwani, akaniuliza tumefungua tena? Umeme ulikuwepo, kinu cha mota kilikuwa kinasaga, lakini aliisikia akabeba debe akaja.

Nikaiacha ikaendelea mpaka mafuta yakaisha. Muda wote huo nilikuwa nimesimama tu.

Sasa sikiliza, na usinibishie kwa barua maana utakuwa umechelewa. Jana nimeipakia tena kwenye mabehewa yanayokwenda Kigoma. Ulipoichukua sikuwa nimekupa. Uliponirudishia ikawa yangu, kwenye fomu, kwa jina langu, na karani ameona. Ndipo nami nikaweza kukupa. Kwenye fomu ya sasa mtumaji na mwenye mali ni Josepha Lugembe, nimeandika mwenyewe kwa mwandiko ule ule wa kuku. Anayekabidhiwa ni Deus Lugembe. Usifute neno hata moja.

Hapa umeme ukikatika tutasubiri kama wanavyosubiri watu wengine. Mwanamke mwenye uchungu ndani ya mtumbwi wa kasia hawezi kusubiri.

Rafadha isubiwe ya kushoto. Bolti unaanza na ya nyuma, upande wa bomba la moshi, ndipo nyingine zinalegea. Ukizungusha, dole gumba liweke upande mmoja na vidole vingine, usilikunje kuzunguka chuma, maana ikirudisha teke itaondoka nalo, na katika ukoo huu vidole vilivyokwenda vinatosha. Ile hendeli ya kijana wa Mwanga itupe ziwani. Ya kweli nimeifunga kwenye gunia la mahindi mapya, iko katikati, umwage taratibu. Mahindi ni ya Bernadeta. Nitamwandikia mwenyewe. Pole yangu kwake si mzigo wako kuubeba.

Sijakusamehe kwa bolti zile wala kwa neno mganga. Wewe usinisamehe zile siku nne, sikuombi.

Ila shikamoo zako ziko mbili hapa mezani, ya Julai na ya Oktoba.

Marahaba.

Josepha